Utabiri wa majira ya baridi na harusi ya Januari: ninavyoona baada ya miaka 12 ya daftari

Mkuu, umeuliza kama uamini ule utabiri unaozunguka, kwamba majira ya baridi yajayo yatakuwa ya kuganda kuliko yote ya miaka ya karibuni, na kama muisogeze harusi ya dada yako iliyopangwa wiki ya pili ya Januari. Jibu fupi: msiisogeze. Jibu refu nalitoa kwa sababu swali hilo niliwahi kuwa nalo mwenyewe, na lilinigharimu.

Miaka 12 iliyopita, mwezi wa Oktoba, nilisoma utabiri wa aina hiyohiyo. Ramani ilikuwa ya buluu tupu, yaani baridi kila mahali, na aliyeandika hakuacha hata chembe ya shaka. Nikajaza tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto mpaka juu, bei ikiwa imepanda, kisha nikanunua magunia sita ya chumvi ya kumwaga njiani kuyeyusha barafu. Ikaja mvua. Desemba mvua, Januari mvua na upepo, Februari matope. Machi nilipofungua banda nikakuta chumvi imevuta unyevu, magunia yote sita yameshikana kama jiwe moja. Nilipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo kikabanduka kipande cha kwanza. Siku hiyo ndiyo nilianza daftari.

Daftari lina safu tatu: tarehe utabiri ulipotoka, maneno yake kama yalivyoandikwa, na kilichotokea. Safu ya tatu ndiyo iliyonifungua macho, maana mara nyingi nilishindwa kuijaza. "Vipindi vya baridi vinatarajiwa." Ni majira gani ya baridi yasiyo na vipindi vya baridi? "Theluji inawezekana, hasa sehemu za miinuko." Hilo hata mtoto analijua. Maneno kama hayo hayakosei kamwe, na ndiyo maana hayasaidii kitu.

Utabiri wa msimu unaotolewa na vituo vikubwa una uzito wake, ila unajibu swali ambalo hukuuliza. Wewe unauliza juu ya Jumamosi moja. Wao wanazungumzia wastani wa siku 90, tena katika eneo kubwa. Desemba 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza tangu 1910, halafu Februari 2011 ikawa na joto kupita kawaida. Ukichanganya miezi hiyo kwenye wastani mmoja, aliyefukiwa na theluji Desemba hajioni humo. Na mwaka 2018 ile baridi kali iliyotoka mashariki na kusimamisha usafiri Ulaya ilifika mwishoni mwa Februari ikaingia Machi. Kwa kalenda ya watabiri, majira ya baridi huisha siku ya mwisho ya Februari. Kwa hiyo wiki ambayo watu bado wanaisimulia nusu yake haimo hata kwenye hesabu.

Kwa nini basi wasitoe hiyo Jumamosi? Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu kwenye kompyuta yake akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127. Tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu. Baada ya muda hali ya hewa iliyotoka haikufanana kabisa na ile ya mwanzo. Angahewa ndivyo lilivyo: kosa dogo la leo hukua, na baada ya wiki mbili hivi habari za siku moja moja zinakuwa zimepotea.

Bahari, kwa upande wake, haina haraka, na hapo ndipo utabiri wa msimu hupata pa kushika. El Niño ikishika, maji ya Pasifiki karibu na ikweta hubaki na joto kwa miezi, na joto hilo husogeza mkondo wa upepo mkali wa juu angani. Ndiyo maana wakati wa baridi kusini mwa Marekani huelekea kupata mvua zaidi, na kaskazini kupata uvuguvugu. Shika hilo neno "huelekea". El Niño ya 2015/16 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kurekodiwa, watu wa kusini mwa California wakasubiri mvua ya kumaliza ukame, na msimu ukapita mkavu.

Ulaya ni pagumu zaidi, kwa sababu mengi yanategemea tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland na visiwa vya Azores, vilivyo Atlantiki magharibi ya Ureno. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa magharibi huleta hewa ya baharini, yenye mvua na uvuguvugu. Ikipungua, hewa ya mashariki na kaskazini hupata njia. Mwaka 2014 wanasayansi wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walionyesha kwamba modeli yao ya kompyuta, ikianzishwa mwanzoni mwa Novemba, inafuata kupanda na kushuka kwa tofauti hiyo kwa uwiano wa takriban 0.6 (1 ni kufuata bila kukosea, 0 ni kubahatisha). Nilifurahi sana kusoma hivyo, maana kabla ya hapo wengi waliona haiwezekani. Lakini ukiizidisha 0.6 kwa yenyewe, ndivyo inavyopimwa sehemu ya mabadiliko ambayo modeli inaieleza, unapata kama theluthi moja tu na kidogo. Kilichobaki chote ni bahati ya mwaka.

Chukua mfuko wenye gololi 30: kumi za baridi, kumi za wastani, kumi za joto. Utabiri mzuri wa msimu unaweza kubadilisha mfuko ukawa na 15 za joto, 9 za wastani, 6 za baridi. Wewe unachomoa moja tu. Ukichomoa ya baridi, mfuko haukukudanganya. Vuli ya 2009 utabiri rasmi wa Uingereza uliiona baridi kali kuwa na uwezekano mdogo, yakaja majira ya baridi makali kuliko yote kwa miaka 30 hivi. Watu walikasirika, na Machi 2010 Met Office ikatangaza kuacha kutoa utabiri wa msimu kwa umma. Mimi hilo liliniuma, kwa sababu mfuko ulitupwa kwa kosa la gololi moja.

Na nafasi ile wakaijaza wenye ramani za buluu. Nakuelewa kabisa unavyovutwa nazo. Novemba giza linaingia mapema, na mtu akija na habari ya theluji ya magotini, moyo unaruka. Naipenda theluji, huamka usiku kuangalia kwenye taa ya barabarani kama imeanza. Anayesema "theluji kubwa" kila mwaka atapatia mwaka mmoja, na huo ndio atakaoutaja miaka yote inayofuata.

Kwa hiyo, utabiri ukikufikia, angalia kama unataja uwezekano kwa asilimia, kama unasema "kawaida" ni ya miaka ipi (wengi sasa hutumia 1991 hadi 2020), na kama aliyeutoa ameweka wazi alivyopatia na kukosea miaka iliyopita. Kikikosekana hata kimoja, funga.

Kwa harusi, tafuta kumbukumbu za wiki ya pili ya Januari kwa miaka 30 iliyopita katika mji wenu, uone barabara zilifungwa mara ngapi. Takwimu hiyo inakufaa kuliko utabiri wowote wa Oktoba. Wageni wa mbali wakate tiketi zinazobadilishika. Kuanzia Krismasi, fuatilia kama hewa ya juu ya Ncha ya Kaskazini, kilomita 30 hivi kutoka ardhini, imepata joto la ghafla. Hilo lilitokea katikati ya Februari 2018, na baridi ya mashariki ikafuata baada ya wiki mbili hivi. Halafu siku tano kabla ya harusi, soma utabiri wa kawaida wa kila siku, huo uuamini. Ukinitajia tarehe kamili na mji, nitakuangalizia chati kila asubuhi kuanzia siku kumi kabla, na nitaandika hapahapa ninachokiona.