Usilaumu tanuru kama kidonge kimepasuka

Mwaka wangu wa kwanza wa masta hapa Nairobi nilipasua vidonge nane vya zirkonia mfululizo (zirkonia ni oksidi ya zirkoni, unga mweupe unaoshindiliwa kwenye kalibu uwe kidonge, kisha unachomwa uwe kauri ngumu), na kila mara nilikuwa na wa kulaumu, mara stima imepotea usiku, mara tanuru limezeeka, mara kalibu ni mbaya. Kidonge kinaingia cheupe kama chaki, unachoma hadi digrii 1500, asubuhi unafungua unakuta vipande, vingine ukigusa tu vinamomonyoka.

Kumbe shida iko kwa kupoa. Zirkonia safi ikiwa baridi fuwele zake ni monokliniki, yaani kisanduku kilichoinama upande kidogo, ukipita kama 1170 kinanyooka kinakuwa tetragonali, na huko mbali kwa 2370 hivi kinakuwa kubiki, yaani mchemraba kamili. Kupanda si neno. Kurudi ndio kuna mambo, tetragonali ikirudi monokliniki inavimba karibu asilimia 4 au 5, na kidonge kilishakuwa kigumu, hakina pa kuvimbia.

Basi nikajiona mjanja, nikapoza digrii 1 kwa dakika nikaenda kulala na roho safi. Wapi! Kilipasuka vilevile. Hapa atomu hazisafiri moja moja, zinajisogeza pamoja, ni kama makanga akisema songeni nyuma, kila abiria anapiga kahatua kadogo na jirani yake anabaki yule yule lakini matatu nzima imebadilika, sasa utaichelewesha vipi?

Dawa ni itria, yaani oksidi ya itri. Changanya kama asilimia 3 kwa moli (unahesabu molekuli, si uzito) na usage vizuri, tetragonali itashikiliwa mpaka joto la kawaida. Hiyo ndiyo madaktari wa meno wanatumia kutengeneza meno, na kinachonifurahisha ni kwamba ufa ukianza, fuwele zilizo karibu na ncha yake zinageuka, zinavimba, zinaubana usiendelee. Kuvimba kulekule kulikonimalizia vidonge!

Na vile vipande usitupe, mimi nilitupa vya vidonge saba kabla nipate akili. Saga, peleka kwa mashine ya eksirei, inayopiga mionzi kwenye unga na kuchora vilele vinavyoonyesha fuwele ni za aina gani. Kwa mashine ambayo eksirei yake inatoka kwa shaba, tetragonali inatoa kilele kikubwa karibu na pembe ya digrii 30, monokliniki inatoa viwili, kwa 28 na kwa 31 na nusu hivi. Cha nane kilitoa viwili vimesimama wima, katikati hakuna kitu. Msimamizi akaishika karatasi, akavua miwani, akaniuliza, "Na itria uliweka lini, kijana?"