Mkanda wa mashine ya kusaga na hesabu ya upyaishaji

SWALI: Nina mashine ya kusaga unga. Mkanda wake hudumu wastani wa siku 60, ingawa mmoja unaweza kukatika siku ya 40 na mwingine ukafika 80. Niweke akiba ya mikanda mingapi kwa mwaka? Na je, kuna faida kuubadilisha kabla haujakatika? Mwanangu aliye chuoni anasema hesabu hiyo inaitwa upyaishaji, ati ni sehemu ya michakato nasibu, yaani hesabu ya mambo yanayotokea kwa kubahatisha.
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwanao yuko sahihi. Kila unapofunga mkanda mpya, hesabu ya siku inaanza tena sifuri. Hakuna anayejua mkanda huu utadumu siku ngapi, lakini kama mikanda yote ni ya aina moja, kazi ni ileile, na maisha ya mmoja hayaathiri ya mwingine, hapo una mchakato wa upyaishaji. Mchakato wa Poisson, unaotajwa sana vitabuni, ambamo kifaa kizee na kipya vina hatari ileile ya kuharibika, ni aina yake moja tu.

Tuanze na akiba. Wengi hugawa 365 kwa 60, wakapata 6, wakaishia hapo. Tuchukue mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi maisha ya mikanda yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa siku 20, mtawanyiko uwe wa kawaida, yaani mikanda mingi iwe karibu na wastani na michache mbali nao pande zote mbili, na mwaka uanze na mkanda mpya mashineni. Wastani wa kukatika ni mara 5.6 hivi, si 6.1, kwa kuwa mwisho wa mwaka hukuta mkanda mmoja bado unafanya kazi. Lakini usinunue kwa wastani. Ili 7 ya akiba isitoshe, lazima mikanda 8 ikatike ndani ya siku 365, na uwezekano wa hilo ni kama 2%. Weka 7.

Swali la pili ndilo lenye fedha. Tuseme kubadilisha kwa kupanga kunagharimu shilingi 30,000, na mkanda ukikatika katikati ya kazi, pamoja na wateja waliokwenda kwingine, ni 90,000. Ukingoja ukatike, unalipa 90,000 kila siku 60, yaani 1,500 kwa siku. Ukiutoa siku ya 40, takriban 16% itakuwa imeshakatika. Gharama ya wastani kwa mzunguko, yaani tangu kufunga mkanda hadi kuubadilisha, ni kama 39,500 na mzunguko ni siku 38.3. Hiyo ni karibu 1,030 kwa siku. Ukiharakisha hadi siku ya 30 inapanda tena, kama 1,160, kwani unatupa mikanda mizima. Weka bei zako halisi kabla ya kuamua.

Faida hiyo ipo kwa sababu mkanda huchakaa. Kifaa kinachokufa kwa ajali tupu, kizee na kipya vikiwa na hatari ileile, ukikibadilisha mapema unapoteza fedha bure.

Ukikagua mashine siku yoyote ya kubahatisha, mkanda utakaoukuta una maisha ya wastani wa siku 67, si 60: mikanda inayodumu sana huchukua siku nyingi zaidi za kalenda, hivyo ndiyo unayoikuta mara nyingi. Kwa hiyo usikadirie wastani kwa mikanda unayoikuta mashineni. Andika tarehe ya kufunga na ya kukatika kwa kila mmoja. Ule uliotolewa mzima uandike "umezidi siku 40", usiufute.

Mikanda ikianza kukatika haraka kuliko ya zamani, hesabu yote hii imevunjika. Kagua kwanza kama puli mbili zimenyooka sambamba; puli iliyopinda haifanywi mpya kwa kubadilisha mkanda.