Wale mashahidi wawili

Mwanangu, huku Igogo hatujambo, presha ya mama yako imeshuka. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama ni kweli Wamarekani katiba yao waliitoa kwenye Biblia maana kazini kwenu mnabishana.

Katiba yao ya 1787 Mungu haimtaji, labda pale mwisho kwenye tarehe walipoandika mwaka wa Bwana, tena inakataza kabisa mtu kuulizwa dini yake ndo apewe cheo cha serikali. Ningeishia hapo. Ila kuna kipengele cha uhaini, kwamba mtu hatiwi hatiani mpaka mashahidi wawili waseme waliona tendo lilelile, au akiri mwenyewe mbele ya mahakama. Nilipofika hapo nikaweka simu chini.

Ulikuwa mgongoni kwa mama yako siku ile niliyotuhumiwa kuiba hela za bati za kanisa. Kijana mmoja, mmoja tu, akasimama kanisani akasema kaniona nafungua sanduku Jumamosi jioni. Na mi karani wa mahakama, naandika kesi za watu kila siku, nimesimama pale mdomo umekauka, watu niliokula nao misibani wananiangalia kama hawanijui. Babu yako ndo kwanza kashuka kwenye meli kutoka Ukerewe asubuhi ile, hajui hili wala lile, akainuka na Biblia yake akasoma Kumbukumbu la Torati 19, pale panaposema shahidi mmoja hatoshi, lazima wawe wawili au watatu. Akauliza, wa pili yuko wapi? Kanisa zima kimya. Mzee wa kanisa akafunga kwa sala, watu wakatawanyika, na kuniomba radhi hakuna aliyeniomba mpaka leo.

Ndo maana nawaambia kila siku, neno la mtu mmoja halitoshi kumvunjia mtu heshima yake. Halitoshi.

Lakini sasa Sheria yetu ya Ushahidi hapa Tanzania, ya 1967, haidai idadi yoyote ya mashahidi, hakimu akimwamini mmoja imetosha, na hukumu za hivyo nimezipiga chapa nyingi na nyingine zilikuwa za haki kabisa, maana mtoto aliyeharibiwa ndani ya nyumba shahidi wa pili atamtoa wapi? Hilo sina jibu lake, na nimelifikiria miaka.

Mwenzako atakwambia hao Wamarekani waliiga sheria ya uhaini ya Uingereza ya 1695. Ni kweli. Ila nenda nyuma zaidi, mwaka 1641, wale Wapuritani, Wakristo washika Biblia waliotoka Uingereza wakahamia Massachusetts huko Marekani, waliandika sheria zao na kwenye makosa ya kifo wakaweka mistari ya Biblia pembeni, na wakaandika asiuawe mtu bila mashahidi wawili au watatu au ushahidi wa uzito huo. Nilifurahi mwanangu, nikamwita mama yako aje asikie. Halafu nikashuka chini nakuta mchawi naye auawe, Kutoka 22, na mwaka 1692 hukohuko Salem wakanyonga watu 19. Nikawakumbuka bibi zetu wa Usukumani waliokatwa mapanga kisa macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kupikia miaka yote. Kitabu kilekile alichoshika babu yako.

Kwa hiyo usinibane niseme ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo nitakuwa nawasahau wale bibi, nikisema hapana namkana mzee wangu, na kama ungekuwepo na akili zako siku ile ungejua moyo wangu unaelemea wapi, basi niache hapo.

Biblia yake ipo kabatini, ukija Pasaka uichukue. Yule kijana naye ni mtu mzima sa hivi, nakutana naye mwaloni Kirumba nikishuka kununua sato, ananipa shikamoo na mi naitikia marahaba, hajawahi kuniambia siku ile aliona nini na mi sijamuuliza.

Baba yako