Dodoki limemchubua mama mkwe

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama mkwe wangu ana miaka 81, yuko kitandani tangu apate kiharusi mwaka jana. Kila asubuhi namwogesha kwa beseni, dodoki na sabuni ya mche, na maji nayatia dawa ya kuua vijidudu. Sasa miguu imepauka mpaka inapasuka, usiku anajikuna, na juzi dodoki limemchubua mkono. Nakosea wapi?
Mkaza mwana, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe kwa kumtunza mkweo.

Dodoki litoe kabisa. Nilipomuuguza mama yangu mzazi nilimsugua mkono kwa taulo jipya, mara mbili tu. Ngozi ikajikunja kama ganda la kitunguu, chini yake damu. Nalikumbuka hadi leo. Siku ile ile nilichukua kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, nikaikata vipande: cha uso, cha mwili, cha sehemu za siri. Vifue, uvisuuze mpaka povu liishe, maana sabuni ikibaki kwenye uzi huwasha. Kumkausha nako, gandamiza kwa kanga kavu, usisugue. Chini ya matiti na katikati ya vidole pakauke vizuri.

Sabuni ya mche ni ya nguo. Ngozi ina uchachu kidogo, pH kama 5 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikipanda, uchachu unapungua), na sabuni ya namna hiyo hufika 9 au 10, hivyo huuondoa uchachu huo. Ngozi ya kijana hujirudi upesi. Ya mzee huchelewa, na mafuta yake yenyewe yameshapungua. Tafuta sabuni laini isiyo na manukato, uitumie kwapani, sehemu za siri na nyayo. Kwingine maji matupu yanatosha. Ile dawa acha. Maji yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako, kwani upande uliopooza huenda hausikii moto.

Mwili mzima ogesha siku moja, siku ya pili pumzisha. Uso, kwapa na sehemu za siri ni kila siku, na kila anapochafuka. Ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta mazito yasiyo na harufu, miguuni zaidi.

Pale palipochubuka, usikate ngozi inayoning'inia wala usibandike plasta. Safisha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi kisichonata, umwite mhudumu wa zahanati apaone. Akija, mgeuzeni pamoja mtazame kiunoni na visiginoni: doa jekundu au jeusi lisilofifia ukilibonyeza ni kidonda kinachoanza.