Pawa saplai inakoroma kila asubuhi: nitie oili au ninunue nyingine?

SWALI: Habari fundi. Nina kompyuta ya mezani kwenye duka langu la steshenari. Kila asubuhi nikiiwasha, pawa saplai inakoroma kama dakika 5, kisha inanyamaza yenyewe. Siku hizi mkoromo unarudi hata mchana. Feni ni ile ndogo ya mraba inayoonekana nyuma. Kuna aliyenishauri nidondoshee mafuta ya kupikia kupitia wavu. Nifanyeje?

JIBU: Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Kwenye joto la pawa saplai yanageuka ulimbo, na feni ikinata hadi kusimama, pawa saplai nzima inaweza kuungua.

Mkoromo wa kuwashia unaoisha mashine ikipata moto ni dalili ya bushi (kikombe kidogo ambamo shafti ya feni huzunguka) iliyokauka. Oili kidogo iliyobaki imekuwa nzito. Ikipashwa moto inalainika na kuizunguka tena shafti. Kelele ikianza kurudi mchana, ujue hata hiyo oili inakwisha.

Kwanza hakikisha mkosaji ndiye huyo. Fungua kasha la kompyuta, si la pawa saplai, washa, kisha isimamishe feni ya prosesa kwa kidole kwenye kitovu chake, sekunde 2 tu. Mkoromo ukiendelea, rudi kwenye pawa saplai. Ukisikia tik-tik-tik, huenda ni waya unaguswa na mapanga. Sauti nyembamba kama filimbi, inayobadilika ukifungua programu nzito, hutoka kwenye koili, na hiyo haitibiwi kwa oili.

Sasa hatari yenyewe. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Kapasita kubwa ya ndani (kopo dogo linalohifadhi umeme) hubeba takriban volti 325 za umeme mnyoofu (DC), na nyingine hukaribia 400. Chomoa waya, bonyeza swichi ya kuwashia mara kadhaa, uiache nusu saa. Hata baada ya hapo, usiguse bodi ya saketi wala vile vipande vya alumini vya kupozea, maana baadhi yake hubeba umeme huohuo. Kazi yako haihitaji kuvigusa. Fungua skrubu za kifuniko cha pawa saplai, kisha skrubu 4 za feni zilizo nyuma kwa nje, uitoe feni taratibu ikiwa na waya wake. Kama ina plagi ndogo, ichomoe ukishika plagi tu. Kama imelehemiwa, iache ining'inie.

Kabla ya oili, shika kitovu ukitikise upande kwa upande. Kikicheza sana, bushi imelika, na oili itakununulia siku chache tu. Kama hakichezi, bandua stika ya katikati. Chini yake kwa kawaida kuna kizibo cha mpira au ncha ya shafti. Tia matone 2 ya oili ya cherehani, zungusha mapanga kwa kidole, subiri dakika 10, futa iliyozidi kwa kitambaa chenye spiriti ili stika ishike tena. Usizidishe: oili inayomwagika hukusanya vumbi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo ziepuke. Huosha oili iliyobaki, kisha zenyewe zinakauka. Vumbi lipulize ukiwa umeshika mapanga yasizunguke ovyo.

Bushi ikiwa imelika, nunua feni ya milimita 80 kwa 80, unene 25, volti 12. Soma ampea kwenye stika ya zamani, utafute inayokaribiana nayo. Ukiambiwa kuna feni "isiyo na kelele" ya ampea chache mno, uliza kwanza inasukuma hewa kiasi gani, kwani nyingi husukuma kidogo. Kama ya zamani ililehemiwa, usiiguse bodi: kata waya sentimita 5 hivi kutoka kwenye feni, unganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepe ya kawaida huachia ikipata moto. Waya wa tatu, wa njano au mweupe, ni wa kusoma kasi tu. Uzibe ncha yake uuache.

Ukiwa ndani, tazama vichwa vya kapasita. Vikiwa vimevimba au vinavuja majimaji ya kahawia, hapo kweli nunua pawa saplai nyingine, lakini linganisha plagi kwanza: Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia plagi kuu ya pini 8, si 24 za kawaida.

Rudisha feni upande wa stika ukiangalia nje, kwa sababu hewa hutokea upande huo. Funga kifuniko, washa, na uhakikishe inaanza kuzunguka ikiwa bado baridi. Baadhi ya pawa saplai huianzisha kwa volti 5 hivi, na si kila feni huamka hapo. Sogeza kipande cha karatasi nyuma: kinapaswa kupeperushwa nje. Kikivutwa ndani, umeigeuza feni.