Sheria za jimbo la Minnesota: usiende kwa mwenye nyumba na muswada

Mkuu, umesema shemeji yako wa Minneapolis katumiwa karatasi ya "HF" kuhusu wapangaji, maneno mengine yamekatwa, mengine yamepigiwa mstari chini, na anataka kumkomalia nayo mwenye nyumba anayeshikilia dipoziti yake. Mwambie atulie kwanza.

HF ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi. Ukianzia Seneti huitwa SF. Yaliyokatwa ni maneno ya sheria ya sasa wanayotaka yatoke, yaliyopigiwa mstari wanataka yaingie. Ni mapendekezo tu, na mengi hufia kwenye kamati. Ili upite unahitaji kura 68 kati ya 134 za wawakilishi na 34 kati ya 67 za maseneta, kwa maneno yaleyale kabisa, ndipo uende kwa gavana.

Na hata muswada wake ukifa, jambo lenyewe laweza kupita. Mwezi Mei, kikao kikikaribia kufungwa, vipengele vya miswada midogo huchomekwa kwenye muswada mmoja mnene wenye namba nyingine. Katiba ya jimbo inasema sheria moja iwe na jambo moja, lakini wenyewe mnajua wanasiasa.

Ukishapita pande zote mbili, muswada unapewa namba ya sura katika sheria za mwaka huo, na gavana akisaini unakuwa sheria. Ule wa leseni za udereva bila kujali hadhi ya uhamiaji ulikuwa HF 4. Gavana alisaini Machi 2023, ukawa sura ya 13 ya sheria za mwaka huo. Kuna jamaa walitaka kwenda kuomba leseni wiki ileile, kumbe ilianza kutumika 1 Oktoba. Sheria isipotaja tarehe, kwa kawaida huanza 1 Agosti. Zinazotenga fedha huanza 1 Julai.

Baada ya hapo vipande vyake hupachikwa kwenye mkusanyo mkuu, Minnesota Statutes, kila kimoja kwenye mada yake. Huko ndiko kwa kusoma, na upo bure mtandaoni. Anachotafuta shemeji ni 504B.178: kabla ya nukta ni sura, ya mwenye nyumba na mpangaji; baada ya nukta ni kifungu, ambacho nacho kina vifungu vidogo. Mimi huanza kusoma chini kabisa, penye historia ya kifungu, nione kimeguswa mara ya mwisho mwaka gani.

Nilipohama, mwenye nyumba wangu alikaa kimya na dipoziti. Nilimwandikia barua fupi, nikataja kifungu hicho, hundi ikaja. Kinampa wiki tatu kurudisha pesa pamoja na riba, au kueleza kwa maandishi kwa nini anaikata. Akikaidi, anaweza kudaiwa kiasi alichozuia na kingine kama hicho juu yake. Ila wiki hizo hazihesabiwi kwa kuhama tu, sharti awe amepokea anwani yako mpya. Muulize shemeji kama aliiacha.