Jibu: Kitambaa cha "pamba ya kilimo hai 100%", nilipie?

Habari mkuu. Wakala anakuuzia kitambaa cha fulana cha "pamba ya kilimo hai 100%", cheti cha GOTS (kiwango cha kimataifa cha vitambaa vya kilimo hai) chenyewe ni picha ya WhatsApp, na anataka hela leo. Usilipe kwanza.

Angalia cheti ni cha aina gani. Wengi hutuma kile cha kiwanda, kinachoonyesha tu kwamba kiwanda kimeidhinishwa. Kiwanda hicho hicho kinaweza kukupa pamba ya kawaida. Dai cheti cha muamala: kinataja mzigo wenyewe, kilo, muuzaji na mnunuzi. Jina la kiwanda litafute mwenyewe kwenye tovuti ya GOTS, usibonyeze linki aliyokutumia.

Kisha chomoa nyuzi chache uziwashe. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, kuna poliesta humo. Ila moto hautakuambia kama pamba ni ya kilimo hai, na viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya miti au mianzi, ndiyo hiyo "nguo ya mianzi" wanayoisifia) inaungua vilevile.

Uzito: kata sm 10 kwa 10, upime kwa mizani ya sonara; ya jikoni inadanganya. Gramu 1.8 maana yake GSM 180, yaani gramu 180 kwa mita moja ya mraba.

Mwisho, kipande cha sm 50 kwa 50: fua, anika, pima tena. Kikibaki sm 47 kimerudi asilimia 6, yaani fulana ya sm 70 inapungua zaidi ya sm 4. Hapo fua jora zima kabla ya kukata.